Karte ya mwaka mmoja, ardhi ya siku 60

Kila tukijadili hapa habari za ajira, lazima mtu mmoja aandike chini: "Heri niende Misisi." Na watu wanaenda kweli. Wanaenda wenye diplome d'État, wenye graduat, hata wenye lisansi ya sheria ambao mémoire yao bado iko kwenye flash. Leo sitaki kuandika juu ya mashimo yenyewe, wala juu ya dhahabu inaishia mikononi mwa nani, hayo tumeyasema sana. Nataka tusome pamoja karatasi moja ndogo, karte ya mchimbaji, ile ambayo sheria inaiita carte d'exploitant artisanal. Hasa tusome tarehe yake ya kumalizika. Kwa maoni yangu tarehe ile, jinsi sheria ilivyoiweka, haimwambii ukweli mwenye karte.

Msingi kwanza, kwa wasiosoma sheria. Kode ya Migodi tunayotumia ni sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Ndani yake mchimbaji mdogo hana "titre" kama kampuni. Yeye ana karte. Inatolewa na waziri wa jimbo mwenye kuhusika na migodi, inapewa Mkongomani mtu mzima, na tangu mageuzi ya 2018 mwenyewe anatakiwa awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na leta. Muda wake ni mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unaifanya upya kwa mwaka mwingine, na sheria haikuweka kikomo: unaweza kuifanya upya mara 5, mara 20, mpaka nguvu zikuishie.

Sasa fungua kurasa nyingine za kitabu kilekile. Permis de recherches, yaani ya kutafuta madini, ni ya miaka 5 na inaongezewa mara moja miaka 5 mingine. Permis d'exploitation, ya kuchimba, ilikuwa ya miaka 30 katika maandishi ya 2002. Mwaka 2018 ikapunguzwa ikawa miaka 25, na kila ikifanywa upya nyongeza haizidi miaka 15. Kwa hiyo katika sheria moja, kwa dhahabu ileile, pengine kwa kilima kilekile, mmoja anapewa miaka 25 na mwingine mwaka 1.

Najua jibu la ndugu zetu wa uchumi. Watasema kampuni inaweka mtaji mkubwa, inajenga kiwanda, inakopa benki, haiwezi kukopa kwa karatasi ya miezi 12. Sawa, nakubali kabisa. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini kampuni ina miaka 25. Haielezi kwa nini mchimbaji ana mmoja. Anayedhani mchimbaji mdogo haweki mtaji hajawahi kukaa karibu na shimo. Yule mwenye shimo, ambaye kule wanamwita PDG bila mzaha wowote, analisha watu miezi na miezi kabla ya kugusa mshipa wenye dhahabu. Analipa miti ya kushikilia kuta, pampu ya maji, mafuta ya pampu, wapakizi, dawa za anayeugua. Pesa yenyewe ameikopa kwa négociant wa dhahabu, ambaye naye karte yake ni ya mwaka mmoja tu. Deni linaweza kuvuka mwaka huku karte haivuki.

Tujilinganishe na siye wenyewe. Katika kundi hili kuna watu wa sheria, kuna manesi A1 na A2, kuna madaktari wachache. Avoka anasimamiwa na ordonnance-loi namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Anafanya stage ya miaka miwili, kisha anaandikwa kwenye tableau. Akiisha kuandikwa, jina lake halina tarehe ya kuoza. Anadaiwa cotisation kila mwaka, ni kweli, na akivunja adabu ya kazi anaweza kufutwa, lakini kufutwa huko kuna utaratibu, kuna watu wa kumsikiliza, kuna pa kukata rufaa. Madaktari wana Ordre yao tangu 1968. Manesi walingoja hadi sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016, na mfano ni uleule: jina kwenye tableau, na wenzako wa kazi ndio wanaokulinda au kukuadhibu.

Tofauti hii ni kubwa kuliko hesabu ya miaka. Kwa avoka na nesi, leta inasema: huyu ni mtu wa kazi hii, tutamhesabu hivyo mpaka tuwe na sababu ya kusema vingine. Kwa mchimbaji inasema: huyu si wa kazi hii, isipokuwa kama amelipa mwaka huu. Yule wa kwanza, leta ndiyo yenye mzigo wa kueleza kwa nini anatolewa. Huyu wa pili, tarehe ikifika tu ametoka, hakuna aliyemwandikia barua, hakuna aliyemsikiliza. Tangu usiku huo anahesabika mchimbaji haramu, akiwa amesimama palepale aliposimama jana, na sururu ileile.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kazi ya hatari inastahili kukaguliwa kila mwaka, na kwamba ndiyo maana ya muda mfupi. Hoja nzuri, na ingekuwa kweli mimi ningekaa kimya. Lakini tusome. Sheria inamtaka anayeomba karte aahidi kuheshimu kanuni za mazingira, za usafi na za usalama. Anaahidi, basi. Anaporudi baada ya mwaka, kifungu cha muda hakidai mtu yeyote ashuke aangalie kama zile kuta zimeshikiliwa. Hakidai awe amepita hata siku moja ya mafunzo. SAEMAPE, idara iliyowekwa kuwasindikiza na kuwafundisha wachimbaji wadogo, ipo. Kuna kanuni za utekelezaji nazo zipo. Lakini hakuna uzi unaofunga mafunzo hayo na tarehe ya karte. Mwaka wa karte umefungwa na malipo. Ni kalenda ya kodi iliyovaa koti la kibali cha kazi. Septemba 2020, mashimo yalipoporomoka Kamituga baada ya mvua kubwa na karibu watu 50 wakaripotiwa kufa, hakuna aliyeuliza karte zao zingemalizika lini. Angeuliza kwa nini? Tarehe ya karte haishiki ukuta.

Mpaka hapa ningeweza kuwa nalalamikia muda mfupi tu, na dawa ingekuwa rahisi: tuombe bunge liweke miaka 5. Nimesikia wasomi wetu wakipendekeza hivyo. Mimi naona ni pendekezo dhaifu, na sababu iko kwenye kifungu cha 109 na cha 110, ambavyo wengi wanavipita haraka.

Kifungu cha 109 kinasema karte si ya kuchimba popote. Ni ya zone d'exploitation artisanale, ZEA, na anayeruhusiwa kuchimba ndani ya zone ni yule mwenye karte ya zone hiyo iliyo hai. Zone haiundwi na chef wa localité wala na koperative. Inaundwa na waziri wa migodi wa taifa, kwa arrêté. Na kifungu kilekile kinakataza wazi kuweka ZEA juu ya ardhi yenye titre ya kampuni iliyo hai. Unaona sasa? Karte ina masharti mawili ya uhai: tarehe yake na ardhi yake. Watu wote wanaangalia tarehe. Kama shimo lako haliko ndani ya ZEA, karte yako haikufa mwisho wa mwaka. Haikuzaliwa.

Hapo ndipo Misisi inapotuuma. Kilima cha Akyanga, ambacho kila kijana wa Ngandja anakijua kwa jina, kimepimwa na kuchorongwa na watu wa kampuni, na eneo lake likaingia katika titre za miaka 30 za kode ya 2002. Wachimbaji walikuwa pale wanachimba. Sitaingia katika ubishi wa nani alitangulia, maana sheria yenyewe haiulizi nani alitangulia. Inauliza nani ana titre. Na titre ikiwa hai miaka 30, kwa miaka hiyo yote 30 hakuna ZEA inayoweza kuwekwa hapo, hata kama kila mchimbaji atafanya upya karte yake kila Januari kwa uaminifu wa mkristo anayelipa fungu la kumi.

Kifungu cha 110 kinazidisha. Hata ukibahatika kuwa ndani ya ZEA halali, waziri anaweza kuifunga, mfano pakionekana kwamba chini kuna akiba kubwa inayodai uchimbaji wa kiwango kikubwa. Tangazo la kufunga likiisha kutolewa, wachimbaji wana siku 60 kuondoka. Koperative inapewa nafasi ya kuomba kibali cha petite mine, na hilo ni jambo jema kwenye karatasi, lakini jiulizeni ni koperative gani ya mashimoni itaandaa dossier kama hiyo ndani ya muda huo, bila géologue, bila benki. Kwa hiyo mwenye karte yenye miezi 11 mbele yake, muda alio nao kwa hakika ni siku 60. Ziada ni neema. Ndiyo maana nasema kumpa karte ya miaka 5 juu ya ardhi ya siku 60 ni kumwandikia tarehe ndefu zaidi ya uongo uleule.

Na angalia kifungu kinavyofikiri. Dhahabu ikiwa kidogo, ni ya mchimbaji. Ikionekana ni nyingi, aondoke. Yaani anayegundua kwa sururu yake kwamba mahali ni pazuri, anajitafutia barua ya kumfukuza. Nimekisoma mara kadhaa nikitafuta tafsiri ya huruma zaidi, sijaipata.

Wengi wetu tulikulia upande wa pili wa ziwa, wengine mmesoma Nyarugusu, kwa hiyo mfano wa Tanzania hautawashangaza. Kule sheria ya madini ya 2010 inampa mchimbaji mdogo leseni inayoitwa leseni ya msingi, kwa Mtanzania tu, kwa miaka 7, na inaweza kuhuishwa. Leseni ya uchimbaji wa kati ni miaka 10. Saba na kumi, si moja na ishirini na tano. (Migodi mikubwa kabisa ina leseni yake ya pekee inayofuata umri wa mgodi, nisije nikaonekana nimeficha.) Lakini miaka 7 si jambo kuu kwangu. Jambo kuu ni kwamba leseni ile imebandikwa kwenye kipande cha ardhi chenye mipaka, na kipande hicho kimeandikwa jina la mwenye leseni. Anayekuja na mashine anamkuta mtu mwenye anwani, inabidi waongee. Sisemi kule ni peponi. Wachimbaji wengi wa Geita au Chunya wanafanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine na wanalia kama siye. Lakini wana kitu cha kulilia. Huku kwetu karte imebandikwa kwenye mtu, na mtu anahamishika.

Kuna anayetetea mfumo wetu kwa sababu hiyohiyo, na simdharau. Mchimbaji wetu anatembea, anasema. Leo Misisi, mwezi wa sita Lubichako, mwakani amesikia habari ya shimo jipya Maniema. Umpe ardhi miaka 7 ya nini? Ni kweli kwa vijana wanaobeba na kuchimba kwa siku. Si kweli kwa PDG aliyezika mali yake shimoni, si kweli kwa akina mama wanaotwanga mawe na wana nyumba na watoto shuleni palepale, na si kweli kwa koperative, ambayo sheria yenyewe imeilazimisha iwepo. Kama koperative ni lazima, kwa nini ardhi isiandikwe kwa koperative kwa miaka, halafu karte ya mtu mmoja mmoja iwe ya mwaka kwa ajili ya kujua nani yumo? Hapo mwaka mmoja ungekuwa na kazi: daftari la majina, siku ya mafunzo, mtu wa SAEMAPE kushuka kuangalia miti. Ningeulipia bila kununa.

Nimalizie na jambo ambalo miaka hii miwili limetugusa zaidi, nalo ni saa. Saa ya karte haisimami. Julai 2024 gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji Kivu ya Kusini, makampuni na makoperative yakaamriwa kutoka kwenye machimbo ili waandikishwe upya. Kuandikisha watu si kosa, jimbo lilikuwa na fujo kweli. Lakini aliyelipa karte yake mwezi wa sita, ile miezi ambayo jimbo lenyewe lilimwambia asichimbe, nani alimrudishia? Kisha Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa AFC/M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Waziri wa jimbo ndiye mwenye kutoa karte. Ofisi ikihama na barabara ikifungwa, tarehe kwenye karte haijui habari za vita. Inamalizika siku yake.

Kumbe kode inalijua neno la hali kama hiyo: force majeure. Mwenye haki ya migodi akizuiliwa na jambo lililomzidi nguvu, na likathibitishwa, muda wake unaongezwa kwa kadiri ya kizuizi. Septemba 2019 Banro ilitangaza force majeure kwa sababu ya usalama na kusimamisha kazi kwenye migodi yake, Namoya ikiwemo, pale Maniema jirani na Fizi. Risasi zile zinazosikika kwa kampuni zinasikika pia kwa mchimbaji. Lakini kifungu kinaongea juu ya mwenye "droit minier", na katika msamiati wa kode karte si droit minier. Kwa hiyo vita vileile vinarefusha miaka 25 ya mmoja, na vinakula mwaka 1 wa mwingine. Kama kuna mwanafunzi wa sheria anayetafuta sujet ya mémoire, hii hapa, na hahitaji kwenda Kinshasa kuitafuta.

Wakati tunangoja watunga sheria, kuna kazi ndogo inayowezekana hapa kwetu. ZEA yoyote halali ina arrêté yenye namba, tarehe na coordonnées, na inaandikwa kwenye ramani za Cadastre minier, CAMI. Simu nyingi tulizo nazo zina GPS. Kabla koperative ya ndugu yako haijakusanya franga za karte za mwaka ujao, ombeni muone namba ya arrêté ya zone yao, simameni mdomoni mwa shimo, linganisheni. Wa géographie mtawasaidia wa sheria, wa sheria mtawasaidia wa géographie. Mkipata shimo Fizi lililo ndani ya zone yenye arrêté, wekeni hapa chini namba na tarehe yake. Mkikuta liko nje, semeni vilevile, kabla watu hawajalipa.